Nilivyoifanya Maswa Kuwa Mji wa Pili

Vijana wangu, mmeniomba mambo mawili. La kwanza, niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kuhesabu watu katika mkoa huu, ili mzisome mnapojifunza kazi. La pili, nipitie ratiba mliyoandaa ya kuzunguka miji yetu, Bariadi, Maswa, Lamadi na ile midogo, mpate kupanga orodha mpya ya mji upi una watu wengi kuliko mwingine. Ratiba nimeipitia. Nitaisemea mwishoni, kwa sababu siwezi kuisemea kabla sijawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote wa ofisini, na ambalo likinijia hata nikiwa peke yangu jikoni najikuta nimefunika uso kwa kanga.

Sitaanza nalo. Mimi ni mtu wa Sola, kule Maswa, na kwetu mtu haingii nyumbani kwa watu akaanza na shida yake. Tusalimiane kwanza.

Mnanijua kama Mama Kabula, yule bibi mwenye miwani aliyewaachia kabati lisilofungika. Nilipoingia kazini nilikuwa mwembamba, mwenye maringo na kalamu tatu mfukoni, na nilidhani kuhesabu watu ni kazi ya mtu anayejua kuhesabu. Aliyenitoa ujinga huo alikuwa Mzee Masunga, karani mkongwe aliyenifundisha kazi, mtu mfupi aliyetembea na mfuko wa punje za mahindi kama mtu anayekwenda kulisha kuku.

Siku yangu ya kwanza kijijini, pale Sapiwi, niliingia kwenye kaya ya mzee mmoja mwenye wake watatu na ng'ombe wengi. Nikafungua dodoso, nikamwuliza bila hata kumaliza salamu, "Mzee, una watoto wangapi?" Akaniangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Kwani wewe ni mnunuzi?" Kisha akainuka, akaenda kuangalia mifugo yake, akaniacha nimekaa kwenye kigoda. Mke mdogo akanionea huruma, akaniambia niandike wawili. Nikaandika wawili. Nikarudi kwa Mzee Masunga nikitembea kwa madaha, maana kaya ile nilikuwa nimeimaliza upesi kuliko wenzangu wote.

Masunga alisoma karatasi, akavua kofia. "Wake watatu, watoto wawili," alisema. "Huyu mzee ana ukame mkali sana."

"Ndivyo walivyosema."

"Wewe ni Msukuma au umeshushwa na basi? Nani amekwambia mtu anataja idadi ya watoto wake mbele ya mgeni? Wewe baba yako ulishawahi kumsikia anawahesabu nyie kwa sauti?"

Sikuwahi. Nyumbani kwetu baba alikuwa anatutaja kwa majina, na mtu akimwuliza idadi anajibu kwamba wapo wa kutosha. Nilikuwa nalijua hilo toka utotoni, lakini nilipopewa dodoso nikasahau nilikotoka. Masunga akanirudisha Sapiwi kesho yake na konzi ya punje. Nikamsalimu yule mzee kwa magoti, nikaulizia mvua, nikaulizia ng'ombe, kisha nikamwomba anitajie majina tu, kuanzia mkubwa. Kila jina nikadondosha punje moja kwenye kanga yangu. Alitaja taratibu, akiwa anacheka anapokumbuka vituko vya kila mmoja. Alipomaliza, kanga ilikuwa nzito. Nilikwenda kuhesabu punje barabarani, mbali na masikio yake.

Nyie mna vishikwambi, na ramani inayowaonyesha hata choo cha mtu. Ni vizuri. Lakini kishikwambi nacho kinauliza "wangapi," kama mimi siku ile. Ulizeni majina.

Jambo jingine ambalo Masunga alinipigia kelele nalo ni mpaka. Watu wakibishana kwamba mji huu ni mkubwa kuliko ule, alikuwa anasema, wewe usihesabu kichwa hata kimoja mpaka uwaulize mji unaishia wapi. Sisi tuna balaa la majina. Bariadi ni mji na Bariadi ni wilaya. Maswa ni mji na Maswa ni wilaya. Kila mwaka anatokea kijana mmoja aliyesoma vizuri anachukua watu wa Maswa yote, mpaka wale wanaolima pamba kwetu Sola, anawalinganisha na watu wa Lamadi ya madukani peke yake, halafu anashangaa jinsi Maswa ilivyo kubwa. Nimewaona wawili wenu mkifanya hivyo mwezi uliopita. Sitawataja.

Masunga mwenyewe alikuwa na kipimo chake cha mpaka. Alikuwa anaanzia sokoni anatembea kwa miguu, na akifika nyumba ambayo mtu amefunga ng'ombe mlangoni, anasema mji umeisha. Kipimo kizuri, ila kilimshinda Bariadi, kwa sababu alikuta ng'ombe wawili wamefungwa nyuma ya nyumba ya mkubwa wetu wa kazi, katikati kabisa ya mji. Akazunguka, akaniambia, "Hapa tuseme ng'ombe wamekuja kutembea."

Hayo ndiyo mambo ninayopenda kuyakumbuka. Ningeweza kujaza kurasa zote kwa hayo, mkacheka, mkanipigia makofi siku ya kuagana na mwingine anayestaafu. Lakini ratiba yenu ipo hapa mezani kwangu, na inanitazama.

Lazima mwelewe kwanza uchungu wa mtu wa Maswa. Zamani Bariadi ilikuwa ndani ya Maswa. Sisi ndio tuliokuwa boma, sisi ndio tuliokuwa tunafuatwa. Mkoa ulipoundwa, makao makuu yakaenda Bariadi. Tulimeza, lakini hayakushuka vizuri. Mimi nilihamia Bariadi kikazi, nikapanga nyumba, nikanunua mboga sokoni kwao, na kila nilipoona jengo jipya la serikali likiinuka nilikuwa namwambia mume wangu kwamba lile lilipaswa kuwa letu. Nilikuwa nimekubali kwamba Bariadi ni ya kwanza. Sikuwa tayari kukubali kwamba tutapitwa na Lamadi.

Ofisini alikuwepo Nkwabi, mwenzangu tuliyekaa meza moja, mtu wa Busega, mcheshi, ambaye kwao ni hatua chache kutoka Lamadi. Kila asubuhi alikuwa na neno. "Mama Kabula, jana nilikuwa nyumbani. Lamadi imejaa hadi watu wanapishana kwa zamu. Mabasi ya Mwanza, malori ya Musoma, watalii wanaokwenda Serengeti, samaki, dagaa. Nyie Maswa mbaki na pamba yenu, tunakuja kuwapita." Mimi nacheka. Kumbe kicheko kile kilikuwa kinaniwasha kama pilipili kichaa.

Ikaja siku mkubwa wetu wa kazi akaniita. Alikuwapo mfadhili aliyetaka kujenga jengo la akina mama kujifungulia, lenye chumba cha upasuaji na gari lake la wagonjwa. Bariadi ilishapata la kwake. La pili lingekwenda kwenye mji unaofuata kwa wingi wa watu, na mfadhili alitaka orodha ya ofisi yetu, siyo takwimu za zamani. "Wewe ndiye mzoefu," mkubwa aliniambia. "Nenda, hakiki zile sehemu zenye utata, niletee orodha. Mji wa pili ni upi?"

Kwa sehemu kubwa kazi ilikuwa rahisi. Utata ulikuwa mmoja tu. Maswa na Lamadi zilikuwa zinakaribiana, na upande wa Lamadi kulikuwa na mwalo mmoja ziwani, wenye vibanda vingi vya wavuvi wa dagaa na wanawake wanaoanika dagaa. Mwalo ukihesabiwa umejaa, Lamadi inatupita. Ukihesabiwa mtupu, inabaki nyuma. Nilijua hilo kabla sijafunga mkoba wangu. Na nilijua kwamba Maswa tulikuwa tayari na hospitali, wakati mama wa mwaloni akishikwa na uchungu anapakiwa kwenye chombo chochote kilichopo.

Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeambiwa na Nyanzobe.

Nyanzobe alikuwa mama mtu mzima wa mwaloni, mjane, mwanika dagaa. Nilikutana naye miaka kadhaa kabla, kwenye hesabu nyingine, nilipofika nikiwa na njaa na kiatu kimekatika. Alinipa ndala zake na ugali kwa dagaa wabichi, akanizungusha kibanda kwa kibanda. Yeye ndiye aliyekuwa ananitajia majina, kwa sababu alikuwa anawajua wote, anajua nani amelala wapi na nani ametoka kisiwa gani. Tangu siku hiyo aliniita ng'wanone, mwanangu, nami nikamwita mayu, mama, na kila nilipopita Lamadi nilimpelekea mchele wa kwetu. Binti yake mdogo, Milembe, alikuwa ananisindikiza hadi stendi akiniuliza mambo ya ofisi, kwa kuwa alitaka naye siku moja avae miwani.

Ni Nyanzobe aliyenifundisha kalenda ya mwalo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi wakati wa giza, siku ambazo hakuna mwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Wanafunga vibanda, wanakwenda kwa wake zao, wanakwenda kuangalia mashamba, na wanawake wengi nao wanatoka kwenda kuuza. Mwalo unabaki na mbwa na wazee wachache. Giza likirudi, watu wanarudi wote.

Niliposimama kwake baada ya mkubwa kuniagiza ile orodha, nikiwa njiani kutoka kazi nyingine, nilimweleza habari ya jengo. Milembe alikuwa na mimba changa wakati huo, anatapika nyuma ya kibanda. Nyanzobe alinishika mkono.

"Ng'wanone, usije wakati wa mwezi," alisema. "Njoo giza. Njoo giza utukute wote. Mimi nitawaambia watu wakae tayari, nitakutajia majina kama siku ile."

"Nitakuja giza, mayu."

"Wabeja, ng'wanone. Asante sana."

Nilirudi Bariadi, nikakaa kwenye kiti changu, nikapanga ratiba. Kalenda ilikuwa ukutani, na mwezi ulikuwa dirishani, haukuhitaji kalenda. Mkono wangu ukaandika tarehe za Lamadi kwenye siku za mwezi mpevu. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba ilitokea tu, kwamba gari la ofisi lilikuwa na nafasi siku hizo peke yake. Gari lilikuwa na nafasi siku zote. Dereva alikuwa anacheza bao.

Nilikwenda mchana, jua kali. Nikapita kibanda baada ya kibanda, nikapiga hodi kwenye milango yenye kufuli. Hodi ya sauti kubwa, tena mara tatu tatu, kama utaratibu unavyotaka. Nikaandika kila kufuli. Niliwahesabu wazee wachache waliokuwa wanashona nyavu. Kwa Nyanzobe sikwenda. Kibanda chake kilikuwa mwisho, karibu na mawe, nikajiambia kwamba naye atakuwa amesafiri. Moyoni nilikuwa naomba awe amesafiri.

Kwenye taarifa nikaandika kwamba vibanda vingi vilikutwa vimefungwa na kwamba wakazi wa mwalo ni wa msimu. Mnaona kazi nzuri? Hakuna neno la uongo. Mkaguzi yeyote angeweza kwenda kuuliza juu ya kufuli, na kufuli zilikuwepo. Huo ndio ustadi wa miaka yote niliyofundishwa na Masunga, nikautumia kumnyima mtu haki bila kuandika uongo hata mstari mmoja. Mwongo wa kawaida ana nafuu, maana anaweza kukamatwa.

Maswa ikawa ya pili. Mkubwa akanisifu kwa orodha safi. Nkwabi aliisoma, akakuna kichwa, akasema, "Basi mmetushinda, Mama Kabula. Kama ni wewe umehesabu, mimi sina la kusema." Aliniamini kiasi hicho. Nyumbani Sola nilichinjiwa kuku bila hata kusema nimefanya nini, maana jengo lilipoanza kujengwa watu walijua tu kwamba binti yao yupo ofisini huko. Nilikula kuku yule. Nilikula na firigisi.

Miezi ikapita. Siku moja saa nne ya chai, Nkwabi aliingia amenyong'onyea, akakaa bila utani. Nikamwuliza kuna nini. Akasema ametoka msibani mwaloni. Binti wa mama mmoja mwanika dagaa alishikwa na uchungu, ukakaa vibaya, wakamtafutia gari, likapatikana pikapu la kubebea dagaa. Walimlaza juu ya magunia. Binti amepona. Mtoto alifia njiani kabla hawajafika hospitali.

"Anaitwa nani?" niliuliza.

"Milembe," alisema. "Mtoto wa kwanza."

Nilikoroga chai yangu. Niliikoroga mpaka Nkwabi akaniambia sukari imeshayeyuka. Sikwenda hata kuhani. Mtu aliyenipa ndala zake miguuni, nilishindwa kwenda kukaa naye chini siku moja. Nilijiambia nina kazi nyingi. Na mchele niliacha kupeleka.

Sisemi kwamba jengo lile lingejengwa Lamadi mtoto angeishi. Mimi siyo daktari, na huenda hata lisingekuwa limekwisha wakati huo. Nimejiambia hivyo mara nyingi na ni kweli, kama ile habari ya kufuli ilivyokuwa kweli. Ninachojua ni kwamba jengo lilikwenda mahali palipokuwa na hospitali tayari, na nililipeleka mimi, kwa sababu sikutaka kuchekwa asubuhi.

Niliendelea na kazi. Niliwafundisha watu wengi, wengine ni wakubwa wenu sasa. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa kwamba takwimu ni uaminifu, na mlikuwa mnaandika kwenye madaftari. Siku ya kuagwa mlinivika kitenge na mmoja wenu akasoma risala kwamba Mama Kabula hakuwahi kukosea mji. Nilitabasamu kwenye picha. Ile picha sijaitundika.

Mwaka huu, pamba ilipoanza kuvunwa, nilichukua mchele kilo chache nikapanda basi kwenda Lamadi. Sikujua nitasema nini. Nilichagua wakati wa giza. Nilishuka stendi, nikashangaa jinsi mji ulivyopanuka. Sehemu niliyokuwa naijua kama kichaka imekuwa maduka ya simu na nyumba za wageni. Mwaloni palijaa watu. Kelele za kupakua, wanawake wameinama kwenye vichanja wakigeuza dagaa, watoto kila upande. Nilisimama nikiwatazama, na kazi ya miaka yote ikanifanya nianze kuhesabu kimoyomoyo. Nikaacha.

Nyanzobe amezeeka, lakini bado anaanika. Kabla sijafika karibu aliinua kichwa.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu.

"Mwadila. Huyu ni Kabula? Ng'wanone Kabula?" Alifuta mikono kwenye kanga, akanishika mabega yote mawili. "Nikajua umekufa. Umepotea hivyo, mwanangu?"

Akanikalisha. Akanipa maji. Alinieleza kwamba Milembe yupo Mwanza, ana watoto wengine sasa, akanitajia majina yao mmoja mmoja kuanzia mkubwa, na la yule wa kwanza akalitaja mbele ya yote, kisha akaendelea kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili.

Halafu yeye mwenyewe akalileta. Akaanza kucheka.

"Unakumbuka siku ile uliyokuja ukakosea siku?"

Nikamwuliza siku ipi, wakati nilikuwa naijua.

"Ile ya mwezi. Mimi nilikuwepo, nimelala ndani na homa. Nasikia mtu anabisha hodi kule mbali, nachungulia, namwona Kabula anagonga makufuli. Nikataka kukuita, sauti haitoki. Jioni nikawaambia wenzangu, yule mtoto wa Maswa amekosea siku, atarudi. Haiwezekani Kabula asirudi. Giza lilipoingia tukakungoja. Wanaume nikawazuia wasiingie ziwani siku ya kwanza, wakaninunia kwelikweli, wameacha dagaa kwa ajili ya mgeni. Siku ya pili wakaenda. Sisi akina mama tulikaa giza lote, kila gari tukasema ni wewe. Milembe na tumbo lake ndiye aliyekuwa anakwenda barabarani kuangalia."

Alikuwa bado anatabasamu. Kwake ilikuwa hadithi ya kumtania mtoto wake msahaulifu. Ningeweza kucheka naye, nikaomba radhi kwa usahaulifu, nikala, nikapanda basi. Mpaka leo sijui kama kilichonifungua mdomo kilikuwa uaminifu au uchovu wa kubeba.

"Mayu," nilisema, "sikukosea siku."

Hakuelewa. Ikabidi niseme yote. Nilimweleza habari ya Maswa na ya mji wa pili, nikamweleza kwamba nilikumbuka maneno yake vizuri na ndiyo maana nilichagua mwezi. Nilimwambia kwamba kibanda chake nilikiona na nikageuza njia. Nilipiga magoti pale mchangani, watu wanatazama. Nililia. Mtu wa umri wangu, na miwani yangu, nililia mpaka kamasi.

Nyanzobe akasimama, akarudi kwenye kichanja chake, akaanza kugeuza dagaa kwa mikono yote miwili, taratibu, upande mmoja hadi mwingine.

"Miaka yote nimesema amekosea siku," alisema bila kunitazama. "Hata Milembe nilimwambia hivyo alipotoka hospitali. Nilimwambia, hakuna mtu aliyetufanyia, ni siku tu zilikosewa." Akageuza tena. "Ungeniacha na hilo."

Niliinuka nikasogea kichanjani. Nilitaka kumsaidia kugeuza, sikuwa na kingine cha kufanya na mikono yangu. Akaweka kiwiko katikati, siyo kwa nguvu.

"Acha," alisema. "Utanuka dagaa ndani ya basi, mgeni."

Mchele niliuacha juu ya ndoo. Nilipofika barabarani niligeuka, nikauona bado uko pale pale juu ya ndoo, na wanawake wanaupita.

Sasa nije kwenye ratiba yenu. Ni nzuri. Mmeweka Bariadi siku ambazo si za mnada, na hilo ni jambo la akili, maana mnada unajaza mji kwa watu wa kijijini. Maswa mmeepuka msimu wa kuvuna pamba, nimefurahi. Mipaka mmeichora kwa kipimo kimoja kwa miji yote. Masunga angewanunulia soda.

Lakini Lamadi, ule mwalo, mmeupangia siku tatu, na nimetazama kalenda: zote zimeangukia mwezi mpevu. Ningeweza kuwaandikia mstari mmoja tu, kwamba badilisheni. Nilianza kuuandika hivyo. Kisha nikaona kwamba mtaniuliza, Mama Kabula, umejuaje, na mimi ningewajibu ni uzoefu, na mngeandika kwenye madaftari yenu.

Nendeni giza. Kibanda cha mwisho karibu na mawe, msikipite. Mwombeni awatajie majina, anawajua wote, na msimwambie mmetumwa na nani. Pengine hatawaamini, na ana haki. Kaeni hivyo hivyo mpaka atakapoanza kutaja.

Ninyi mmekosea siku kweli. Bado mnaweza kuzibadilisha.